Mpira Uliozibwa kwa Boliti: Kisa cha Difu Iliyonyimwa Pumzi

Lori lilifika gerejini kwetu Kisumu Jumanne mchana, bado lina moto wa barabarani. Ni lori la tani saba linalobeba miwa kutoka mashamba ya upande wa Muhoroni na Chemelil, na miwa ikipungua hupakia mchele Ahero na kuupeleka Nakuru. Ndani ya wiki tano lilikuwa limebadilishwa sili ya difu (pete ya mpira inayozuia oili isivuje kutoka sanduku la gia la ekseli ya nyuma) mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti, na oili ilikuwa bado inamwagika.

Mwenye lori, mama mmoja wa makamo anayeishi Muhoroni, alikuja mwenyewe. Alifungua gazeti lililokunjwa, akaniwekea mezani sili mbili kuukuu. "Fundi, hizi zote nimelipia. Niambie kama nauziwa sili mbaya, ama kuna kitu kingine kinaharibika hapo chini."

Swali hilo ndilo lililonizuia kukimbilia spana. Nilizichukua zile sili nikazipitisha kidole kwenye midomo. Hazikuwa na mkwaruzo wala ugumu. Kile kispringi chembamba kinachobana mdomo kwenye shafti kilikuwa mahali pake katika zote mbili. Sili iliyokufa huonekana. Mdomo hukauka ukawa kama plastiki, au unapasuka, au unalika upande mmoja. Hizi zilikuwa nzima. Zilikuwa zimetolewa kazini bila kosa.

Nikamuuliza dereva, mzee aliyeendesha malori tangu mimi nikiwa shuleni, aniambie historia yote, hata mambo anayoona hayahusu. Alianza na sili ya kwanza. Nikamwomba arudi nyuma zaidi, siku kabla oili haijaanza kuonekana. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba mwezi wa nne, mvua ikiwa kali, waliingia shamba moja la miwa lori likazama kwenye udongo mweusi wa bonde la Kano hadi ekseli ikalala kwenye matope. Walipovutwa na trekta, tanboi, msaidizi wa dereva, aliona mpira mmoja wa namna ya bomba umekatika chini, unaning'inia. Waliendelea na safari hivyo hivyo. Siku chache baadaye, njia ya karibu na Ahero ikiwa imefurika maji ya mto Nyando, walipita kwenye maji yaliyofika katikati ya magurudumu. Baada ya hapo fundi mmoja wa barabarani aliuona ule mpira unadondosha matone ya oili, akawasaidia kwa kuuziba. Wala hakudai pesa nyingi.

"Na ulikuwa mpira wa nini, mzee?"

"Hata yeye hakujua. Alisema hauna kazi, bora usimwage."

Basi ndiyo hiyo. Lakini kudhani si kujua, na chini ya lori kuna mipira mingi ambayo ukiikosea inakuumiza. Tukaliweka lori mahali tambarare, tukaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, injini ikazimwa. Kijana anayejifunza kazi kwetu alikuwa ameshashika mpira wa kuoshea gari. Nikamzuia. Watu wengi huosha kwanza kisha wanatafuta, na wanapomaliza kuosha wanakuwa wamefuta nusu ya habari. Vumbi kavu linaeleza, vumbi lililolowa oili linaeleza, na mahali kimoja kinapokoma kingine kikaanza ndipo penye jibu mara nyingi.

Tulichokiona ni hiki. Nyuma kidogo ya difu, juu ya nyumba ya ekseli, kulikuwa na donge la matope yaliyokauka. Kwenye donge hilo ulitoka mpira mweusi, mnene kama kidole cha mwisho cha mtu mzima, ukaning'inia chini kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwiko. Mwisho wake ulikuwa umesokotwa boliti fupi, na klipu ya chuma ikakazwa juu yake kwa nguvu zote. Mpira wenyewe ulikuwa umevimba kidogo karibu na klipu. Juu zaidi, kwenye chasisi, kulikuwa na kipande kingine cha mpira wa aina ile ile, kimefungwa kwa waya, mdomo wake wa juu umegeuzwa kuangalia chini kama mpini wa bakora. Mdomo wake wa chini ulikuwa umechanika. Nilivileta pamoja vipande viwili. Upande mmoja wa mchaniko ulikuwa laini, umelika polepole. Upande wa pili ulikuwa na nyuzi zilizokatika ghafla. Kumbe mpira huu ulikuwa ukisuguana na yu-boliti, ile boliti ya umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli, kwa muda mrefu, na ile siku ya matope ilimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Hapo tayari tulikuwa na ncha mbili. Mpira usioujua, jambo la kwanza ni kujua unatoka wapi na unakwenda wapi. Huu ulitoka kwenye ekseli na kuishia hewani, haukuungana na kitu chochote huko juu.

Gereji ikawa kama baraza. Kijana wetu alisema ni mpira wa hewa ya breki. Fundi jirani, mtu ninayemheshimu sana kwa injini, alipangusa sehemu ndogo kwa kitambaa, akasoma maandishi yaliyofifia, akapata 30R7. "Huu ni mpira wa dizeli," akasema, na kweli namba hiyo hupigwa kwenye mipira ya dizeli na petroli. Wa tatu alisema mama ana lori lingine la aina ile ile na halina mpira kama huu, kwa hiyo huu ni takataka, ukatwe.

Nilichukua kila rai na kuipima, maana kila moja ilikuwa na sababu.

Breki tulianza nazo kwa kuwa ndizo zinazoua. Tuliwasha injini hadi geji ya hewa ikajaa, karibu psi 120 (psi ni kipimo cha presha), tukazima, tukaiangalia sindano. Haikushuka. Dereva akakanyaga breki, mimi nikiwa nimeweka mkono juu ya ule mpira. Haukushtuka, haukuwa mgumu. Isitoshe, mpira wa hewa ya breki una kuta nene zenye nyuzi, ncha zake zina viungo vya chuma vya kukazwa kwa spana, na juu yake huandikwa J1402. Huu ulikuwa umechomekwa tu kwenye chuchu, kibomba kifupi cha chuma, na kubanwa kwa klipu. Hakuna anayebana hewa ya psi 120 kwa klipu kama ile, na kama yupo, lori lake lisiingie barabarani.

Niseme jambo hapa kwa anayejifunza. Usifungue mpira usioujua lori likiwa na presha. Hewa ya breki inaweza kurusha kiungo kikakupofua. Mpira wa stelingi hubeba oili yenye presha kubwa mara nyingi kuliko hewa ya breki. Maji ya rejeta yakiwa moto yanababua. Na zile chemba za breki za nyuma zenye springi ndani, usizifungue kabisa kama hukufundishwa, kwa sababu springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua mtu aliyeinama mbele yake.

Dizeli nayo haikusimama. Tangi liko ubavuni, na mipira yake miwili, wa kwenda na wa kurudi, inaelekea mbele kwenye injini. Tuliifuata yote kwa mkono, ikatimia. Hakuna kinachoipeleka dizeli juu ya ekseli ya nyuma. Yale maandishi yalieleza mpira ulitengenezwa kwa ajili ya nini kiwandani. Hayakueleza aliyeufunga aliutumia kwa kazi gani. Fundi wa kwanza, yeyote aliyekuwa, alichagua mpira wa dizeli kwa kuwa oili haiuharibu, na alichagua vizuri.

Ikabaki rai ya tatu, kwamba ni takataka. Nilimwomba mama apige simu kwa dereva wa lori lake la pili, lililokuwa Ahero, aingie chini atupigie picha juu ya ekseli ya nyuma, mahali pale pale. Picha ilikuja. Kweli hapakuwa na mpira. Palikuwa na kifuniko kidogo cha chuma chenye umbo la uyoga, kimejaa vumbi, kimekaa mahali hasa ambapo kwetu kulitoka ule mpira.

Kifuniko kile mafundi wengi wanakiita brida. Ni pua ya difu, mahali inapotolea na kuvutia hewa. Lori letu lilikuwa na pua hiyo hiyo, ila mtu aliondoa kifuniko, akakaza chuchu, akairefusha kwa mpira hadi juu kwenye chasisi. Mama alipoulizwa alikumbuka kwamba lori alilinunua kwa mtu aliyekuwa akibeba mchanga kutoka mtoni. Hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Lori la mchanga hushuka hadi kwenye maji, na mwenye lori mwenye akili hupandisha pua ya difu juu ya maji. Hakuna kitabu cha lori hili kitakachokuonyesha mpira huo, maana haukutoka nao kiwandani.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa ule wa boliti. Difu ilikuwa bado na joto. Nilivaa miwani, nikafunika mwisho wa mpira kwa kitambaa kizito, nikalegeza klipu taratibu. Kabla sijaigusa boliti ilijisukuma yenyewe nje, na mpira ukatoa pumzi, fyuuu, kwa sekunde kadhaa. Kitambaa kililowa ukungu wa oili. Harufu yake haihitaji kuulizwa. Oili ya difu ina dawa zenye salfa za kulinda meno ya gia, na ukiinusa mara moja hutaichanganya tena na ya injini wala ya stelingi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kwa hiyo ilikuwa imefungwa pumzi," akasema, na alikuwa amelielewa jambo zima kabla sijaanza kulieleza.

Hata hivyo nitalieleza, kwa sababu hapa ndipo mafundi wawili walipopotea, nao si mafundi wabaya.

Ndani ya nyumba ya difu oili haijai hadi juu. Nafasi kubwa ina hewa. Lori likiwa limepoa hapa Kisumu, hewa hiyo huwa na joto la digrii kama 25. Likibeba tani saba kupanda mlima, oili inaweza kufika digrii 90. Hewa iliyofungiwa, ikipanda joto kiasi hicho bila mahali pa kutanukia, presha yake huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, ambayo kwa huku kwetu ni karibu psi 3. Oili yenyewe nayo hutanuka na kuipunguzia hewa nafasi. Kisha ongeza njia. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kericho ni karibu mita 2,000. Kadiri lori linavyopanda, hewa ya nje inazidi kuwa nyepesi, na ile iliyofungiwa ndani inazidi kusukuma. Kwa safari ya Kisumu hadi Kericho tu hiyo ni zaidi ya psi 1 juu ya zile 3.

Psi 4 zinasikika ndogo kwa mtu anayejaza gurudumu la lori psi 100. Lakini sili ya shafti si gurudumu. Ni mdomo mwembamba wa mpira uliolala juu ya chuma kinachozunguka, na kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa na gia, si kuzuia presha. Ukiisukuma kwa ndani inainuka kidogo na kupitisha. Ukiweka sili mpya, mpya nayo inainuka na kupitisha. Ndiyo maana zile mbili kwenye gazeti zilikuwa nzima.

Lori likipoa usiku kinatokea kinyume chake. Hewa iliyobaki ndani inasinyaa na kuvuta, na kwa kuwa pua imezibwa, inavuta kupitia midomo ile ile ya sili, pamoja na vumbi na unyevu. Kesho yake joto linaanza tena. Sili ilikuwa ikifanywa mlango, kutoka na kuingia, kila siku ya Mungu.

Kabla ya kuamini kabisa niliondoa sababu nyingine zinazomwaga oili pale. Nilitikisa flenji ya propela, pale shafti ndefu inayotoka mbele inapofungwa kwenye difu, juu na chini. Haikuwa na mchezo, kwa hiyo beringi ilikuwa salama. Nilipitisha ukucha kwenye shafti mahali sili inapokaa; haukunasa mfereji. Niliangalia kama oili ilijazwa kupita kiasi, maana wengine wakiona inapungua wanaongeza hadi inamwagika kwa wingi wake. Kiwango kilikuwa chini, si juu. Basi ikabaki sababu moja.

Oili tuliyomwaga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya kisa, ile iliyotangulia boliti. Mpira ulipokatika ulibaki wazi, ukining'inia chini ya ekseli. Lori likapita kwenye mafuriko ya Ahero difu ikiwa moto. Maji baridi yakaipoza nyumba ya difu kwa ghafla, hewa ya ndani ikasinyaa, na mpira uliokuwa majini ukanyonya kama mrija. Kwa hiyo lori hili liliumizwa mara mbili na mpira mmoja, kwanza kwa kuachwa wazi mahali pa chini, kisha kwa kuzibwa. Nilifungua difu nikaangalia gia na beringi kwa taa. Tulikuwa na bahati, kutu haikuwa imeanza kula. Tulijaza oili ya bei nafuu, tukazungusha magurudumu ekseli ikiwa juu ya stendi, tukaimwaga, ndipo tukaweka oili nzuri hadi ikagusa mdomo wa tundu la kujazia.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Dereva alikuwa amesema, kama jambo la kando, kwamba lori likishika breki linavuta kulia. Tulipotoa dramu tulikuta lainingi, zile pedi za breki, zinang'aa kwa oili. Presha iliisukuma oili kupitia bomba la ekseli, ikavuka sili ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikayeyusha grisi na kumwagikia breki. Sasa fikiria njia ya lori hili. Likitoka Kericho kwenda Nakuru, linaingia barabara kuu pale Mau Summit na kushuka Sachangwan hadi Salgaa. Kila mtu wa huku anajua mteremko ule umemeza watu wangapi. Lori lenye mchele tani saba lilikuwa linaushuka likiwa na breki ya upande mmoja wa nyuma iliyolowa oili, na chanzo chake ni boliti moja ndogo.

Wapo wanaomwagia lainingi zilizolowa petroli na kuziwasha moto, zikikauka wanazirudisha. Sikubali, na nilimwambia mama hivyo hivyo. Oili imeingia ndani ya kitambaa cha lainingi, moto unatoa ya juu tu, na siku breki itakapopata joto kali ile ya ndani itarudi juu. Tuliweka lainingi mpya kushoto na kulia, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja utaendelea kuvutwa, tukaweka sili mpya za habu na ya difu, na grisi mpya. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama kubwa. Mpira wenyewe ulikuwa wa bei ndogo kuliko sili moja.

Mama aliuliza kwa nini nisirudishe kifuniko cha uyoga kama cha lori la pili, mpira usiwepo tena wa kukatika. Ni swali zuri, na lori lingekuwa la barabara ya lami pekee ningekirudisha. Lakini hili linaingia mashamba ya udongo mweusi na kupita Nyando ikiwa imefurika. Kifuniko kile kinafanya kazi kwa kuinuka kidogo presha ikizidi. Kikizikwa na matope kinaganda, na tunarudi kule kule kwenye boliti. Aliyerefusha pua hii alikuwa na sababu. Kosa lake lilikuwa jinsi alivyoupitisha mpira.

Kwa hiyo tulirudia kazi yake vizuri zaidi. Kwanza tulipiga brashi na kupangusa juu ya ekseli mpaka pakawa safi, ndipo nikafungua chuchu, uchafu usitumbukie ndani. Tundu la chuchu lilikuwa limezibwa nusu kwa uji wa matope na oili, nikalizibua kwa waya mkononi, si likiwa juu ya difu. Mpira tulinunua wa dizeli, wa tundu la milimita 8. Muuza spea alitaka kutupa wa hita kwa kuwa ulikuwa mwingi dukani. Nilikataa, maana mpira wa maji ya moto ukikutana na oili huvimba na kulegea. Ule wa plastiki unaoonyesha ndani nao niliukataa, joto huukausha ukapasuka.

Urefu ndio watu wanaoukosea. Ekseli haikai mahali pamoja; springi huipandisha na kuishusha. Ukipima lori likiwa limesimama na mzigo utakata mpira mfupi, na shimo la kwanza barabarani litauchomoa. Tuliinua chasisi kwa jeki na stendi mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia, tukapima hapo, ekseli ikiwa mbali kabisa na chasisi. Kisha tukaishusha kuona kama mpira uliolegea unagusa propela, gurudumu au ile yu-boliti iliyoukata wa kwanza. Uliikaribia yu-boliti. Tulihamisha njia kwa upana wa kiganja, na kwa tahadhari tukapasua kipande cha mpira mkuukuu tukakivika juu yake kama koti mahali hapo.

Haukuachwa na tumbo. Mpira ukishuka katikati kisha ukapanda, oili na maji ya mvuke hukusanyika kwenye tumbo hilo na kuuziba kama kizibo. Tuliupandisha moja kwa moja hadi nyuma ya kebini, juu kuliko maji yoyote ambayo dereva mwenye akili atayaingia, mdomo ukageuzwa chini, na kifuniko chepesi cha brida kikawekwa mwishoni ili vumbi na nyigu wasiingie. Haukufungwa pamoja na mipira ya breki, wala haukupita karibu na ekzosi. Klipu ya chini ilikazwa. Vishikizo vya njiani viliachwa vilegee kidogo, visiubane mpira ukapoteza tundu lake.

Kabla ya kuweka kile kifuniko nilimfanyia mama na dereva jaribio dogo. Lori likiwa limepoa, nilivalisha glavu nyembamba ya mpira kwenye mdomo wa juu na kuifunga kwa uzi. Dereva akaliendesha hadi Nyamasaria na kurudi. Liliporudi glavu ilikuwa imesimama, vidole vitano vimenyooka. Mzee aliitazama kwa muda. "Hiyo ndiyo iliyokuwa inasukuma sili," akasema. Niliitoa mara moja, maana glavu nayo ni boliti ukiisahau pale.

Kujua kama tumemaliza, tulipangusa sehemu ya sili na habu zote mbili kwa petroli, zikakauka, tukazipaka poda ya mtoto. Poda nyeupe haifichi kitu. Hata tone dogo linaacha alama. Lori lilipakia Ahero likaenda Nakuru na kurudi. Dereva alifika akiwa na mchanga wa safari usoni, akaenda moja kwa moja chini ya lori na tochi kabla hajanisalimia. Poda ilikuwa imechafuka vumbi, lakini kavu. Breki zilikuwa hazivuti tena upande wowote.

Yule fundi wa barabarani aliyeweka boliti, dereva alitaka kurudi kumkaripia. Nilimwomba aende, lakini ampelekee ile boliti na kumweleza. Fundi yule alimwona mtu mwenye oili inayodondoka akataka kumsaidia, na kesho atawasaidia wengine watano.

Jumatatu iliyofuata mama alileta lori la pili, lile la picha, ingawa halikuwa likimwaga chochote. Niliingia chini, nikapangusa juu ya ekseli, nikakishika kile kifuniko cha uyoga kwa vidole viwili. Kinatakiwa kuzunguka na kuinuka kidogo bila nguvu. Hakikusogea. Nilikitoa, nikakiloweka kwenye dizeli, na baada ya nusu saa kikaanza kucheza.